Ekari Kumi na Mbili Kando ya Ziwa Basotu

Ramani tuliyoletewa baada ya Swala ya Ijumaa ilichorwa kwa wino wa buluu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Ilionyesha ziwa, barabara, mgunga mmoja mkubwa na mistatili kumi na miwili iliyopangwa kandokando ya maji, kila mmoja ukiwa umeandikwa ndani yake "ekari 1". Dalali aliyeileta ni mtu mwenye ulimi mtamu. Alituambia kwamba ufuko wa Ziwa Basotu, wilayani Hanang, si muda mrefu utakuwa kama ufuko wa Bagamoyo. Kwamba wageni wanaokuja kupanda Mlima Hanang watatafuta pa kupumzika, na mahali penyewe ni hapo. Na kwamba watu wa Arusha wamekwisha kuanza kuulizia, hivyo atakayechelewa asimlaumu mtu.

Kamati ya msikiti wetu hapa Babati ilikuwa na sababu ya kumsikiliza. Ndugu yetu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka aliyezijua njia zote za Hanang na Mbulu kwa miaka mingi, alifariki akiwa ameusia kwamba ndani ya theluthi ya mali yake inunuliwe ardhi iwekwe wakfu, na mapato ya ardhi hiyo yasomeshe Qur'ani watoto wa vijiji ambavyo madrasa haijafika. Wanawe walitukabidhi fedha mkononi, mbele ya mashahidi, nami kama katibu nikaziandika katika daftari. Kisha nikafanya jambo ambalo sasa naliona aibu. Nilikuwa wa kwanza kusema kwamba tumpe dalali arubuni ili ardhi isitutoke. Shilingi laki nane zikaondoka katika amana ile kabla mmoja wetu hajaliona ziwa lenyewe kwa macho.

Nilisoma chuoni kwamba mafuqaha walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, hawaikubali arubuni ambayo muuzaji huila pindi mnunuzi akighairi, na kwamba Imam Ahmad bin Hanbal ndiye aliyeiruhusu. Siku ile, kwa muda wa dakika kumi, niligeuka Mhanbali.

Mwishoni mwa Juni nilitumwa kwenda kuiona ardhi. Niliondoka Babati baada ya Alfajiri, kwa gari dogo la abiria, katika barabara ya lami iendayo Singida. Baridi ya mwezi huo si ya mzaha. Abiria wote walikuwa wamejifunika mashuka na makoti, na mama mmoja aliyebeba kuku kwenye kapu ndiye aliyekuwa na joto kutushinda sote. Kulia kwetu ulisimama ukuta wa Bonde la Ufa, wenye kijani cha kukolea, na juu yake ndiko kuliko nchi ya Mbulu. Tulipopita Dareda na kuelekea Endasak, mlima ukajitokeza mbele yetu ukiwa na wingu kiunoni kama aliyejifunga shuka. Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na huhesabiwa kuwa wa nne kwa urefu nchini. Kaskazini yake, chini ya ukuta wa bonde, limelala Ziwa Balangida lenye maji ya magadi, ambako Wabarabaig huchota chumvi wakati wa kiangazi maji yakirudi nyuma.

Katesh nilishuka kunywa chai. Ni mji ambao hauwezi kupitwa bila kukumbuka asubuhi ya Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipobomoa upande wa mlima na tope likateremka na mawe na magogo, likapita Jorodom, Gendabi na Ganana na kuingia mjini. Zaidi ya watu 80 walifariki. Sisi wa Babati tulikuja siku ile na siku zilizofuata, wengine kwa kuchimba, wengine kwa kuosha na kukafini maiti, na wapo vijana wetu ambao hadi leo hawapendi kuzungumza walichokiona. Serikali iliwajengea walionusurika nyumba mahali pengine. Muuza chai, aliponiuliza ninakokwenda nikamjibu kwamba naenda kutazama ardhi karibu na maji, alinikalisha akaniambia habari za jirani yake ambaye kiwanja chake kilikuwa kando ya kijito. "Ustadhi, hati anayo, ameihifadhi kwenye nailoni. Kiwanja ndicho hakipo." Alisema hivyo bila kucheka, akaendelea kumimina chai.

Kutoka Katesh kwenda Basotu njia ni ya vumbi. Nilipanda nyuma ya pikipiki ya kijana wa Kinyaturu aliyekuwa akizijua njia zote za mkato. Nchi inafunguka. Unayaacha mashamba madogo ya mahindi na mbaazi yaliyozunguka mlima, unaingia tambarare ambayo jicho halipati pa kushika: ngano upande huu, ngano upande ule, imepauka kwa kukaribia kuvunwa, na upepo unaipitishia mkono. Kila baada ya mwendo unaona kundi la ng'ombe limebanwa kati ya barabara na shamba, na nyuma yake mtoto mwenye shuka jekundu na fimbo, akiwa na kazi ya kuhakikisha mdomo hata mmoja hauvuki mpaka. Nilimwuliza kijana wangu ng'ombe akivuka inakuwaje. "Faini," akasema. Halafu akaongeza: "Au vita."

Ziwa halionekani mpaka ulifikie. Ardhi inateremka ghafla, na pale chini kuna maji, matulivu, ya rangi ya chuma, yamezungukwa na matete. Ni maji baridi, si ya magadi kama ya Balangida, na hili ndilo siri ya mahali hapa. Katika nchi ambayo maziwa mengi ni ya chumvi, ziwa la kunyweka ni hazina ya viumbe wote. Asubuhi wavuvi huingiza mitumbwi kutafuta perege na kambare. Viboko wamo, na wenyeji huwatazama kwa heshima iliyochanganyika na hasira, maana usiku hutoka kula mashamba. Wanawake huchota maji upande mmoja, ng'ombe hunywa upande mwingine, na ndege weupe husimama kati yao kana kwamba ndio mahakimu.

Sitaki kumficha msomaji: nilipopaona, nilipapenda. Nilipiga picha kumi na tano nikamtumia mke wangu, naye akanijibu kwa swali moja tu, "Maji ya bomba yapo?" Jibu lilikuwa kwamba bomba lipo lakini maji huja siku yapendayo.

Waislamu wa Basotu ni wachache. Wengi walifika kwa biashara: Warangi kutoka Kondoa, Wanyaturu, Wasomali wa zamani wa ng'ombe na maduka, na siku hizi vijana wa Kiiraqw na Kibarabaig waliosilimu mmojammoja. Msikiti wao una ukuta wa tofali za kuchoma na bati, na mihrabu yake inaelekea kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, kama mihrabu zetu zote za upande huu wa dunia. Tuliswali Adhuhuri safu moja na nusu. Imamu wao hana mshahara. Asubuhi ananunua perege ziwani, mchana anauza sokoni, jioni anafundisha watoto juzuu Amma chini ya mti, na mvua ikinyesha hakuna darasa. Buchani kuna mkono wa Muislamu mmoja tu unaochinja, na siku akisafiri familia zetu hula samaki. Mambo haya hayamo katika ramani ya dalali, lakini familia ya Dar es Salaam au Tanga inayofikiria kuhamia huku iyajue. Mgonjwa wa dharura hupelekwa Katesh au Haydom kwa njia ya vumbi. Mwanafunzi wa sekondari hutembea. Mtandao wa simu unashika ukisimama mahali panapojulikana, na wenyeji watakuonyesha jiwe lenyewe.

Baada ya swala imamu alinisindikiza kwenda kuziona ekari kumi na mbili. Mgunga wa kwenye ramani tuliuona mara moja. Nilianza kuhesabu hatua kutoka kwenye maji, kwa sababu nilikwisha kuambiwa na rafiki yangu mwanasheria kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Hatua zangu sitini na tano ziliishia katikati ya mstatili wa safu ya mbele. Kwa maneno mengine, nusu ya kile tulichouziwa kama ufuko hakikuwa cha kuuzwa na mtu yeyote, awe mkweli au mwongo.

Nusu iliyobaki ilikuwa na jambo zito zaidi. Ardhi ilikuwa imekanyagwa kwato kwa upana wa barabara kuu, njia ya miaka na miaka, ikitoka uwandani na kushuka majini. Na karibu na mgunga palikuwa na kichuguu kirefu cha udongo, kilichosawazishwa na mvua, chenye vipande vya miti vilivyooza ndani yake. Nilidhani ni cha mchwa. Imamu akanishika mkono. "Ustadhi, hiyo ni bung'eda."

Bung'eda ni kaburi la mzee mwenye heshima miongoni mwa Wabarabaig. Halichimbwi na kuachwa. Hujengwa na jamaa na majirani, tabaka juu ya tabaka, kwa miezi kadhaa, mpaka siku ya mwisho ambapo watu hukusanyika kutoka mbali. Tukiwa bado tumesimama, mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe alipanda kutujia. Alikuwa na shuka la zambarau, viatu vya tairi na fimbo nyembamba. Alitusalimu kwa Kiswahili safi.

"Mwanangu, wewe ndiye mnunuzi?"

"Shikamoo mzee. Nimetumwa kutazama tu."

"Marahaba. Waliokuja mwezi wa pili walisema hivyohivyo." Akaketi juu ya jiwe, nasi tukaketi. "Huyu aliyelala hapa ni baba wa baba yangu. Nauliza jambo moja. Nyinyi mtakaa, au mtaweka seng'enge?"

Sikuwa na jibu. Nikamwuliza nani aliyeiuza. Akataja kijana wa ukoo wake mwenyewe, anayeishi mjini, ambaye alimwendea dalali na kumwambia kwamba eneo ni la babu yake. "Ni kweli ni la babu yake," alisema mzee. "Ni la babu zetu sote. Ndiyo sababu si lake."

Hapo ndipo mzee alipoanza kusimulia habari za ngano, na ingawa nilizisikia utotoni kama habari za watu wakubwa, sikuwahi kuzisikia nikiwa nimeketi karibu na kaburi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali kupitia Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, kwa msaada mkubwa wa Kanada, ilianza kulima ngano katika tambarare ya Basotu. Yalikuwa mashamba saba, kila moja kiasi cha ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal. Ukitazama katika ramani ya wilaya nzima, eneo lililochukuliwa si kubwa sana. Lakini lilikuwa lile ambalo Wabarabaig huliita muhajega, yaani malisho yenye rutuba kuliko yote, ambayo mifugo ilihamia kwa zamu na kuachwa ipumzike kwa zamu. Ukimwondolea mtu kidole kimoja huwezi kumwambia amepoteza sehemu ndogo ya mwili, kama kidole chenyewe ni gumba. Katika kulima huko bung'eda nyingi zilipitiwa na matrekta.

Wanakijiji hawakunyamaza. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji walifungua kesi dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Sababu ziwaingie akilini wanaopenda kununua ardhi kwa mdomo: kijiji hakikuweza kuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na wengi wa wadai hawakuthibitisha mbele ya mahakama kwamba ni wenyeji kwa maana ambayo sheria ya wakati ule iliitoa. Watu ambao babu zao wamelala ndani ya ardhi walishindwa kwa kukosa ushahidi. Baadaye NAFCO ilikoma, baadhi ya mashamba yakabinafsishwa na mengine yakarudishwa kwa vijiji, na mgogoro ukawarithi watoto. Mtafiti Charles Lane aliyaandika haya kwa urefu katika kitabu chake Pastures Lost cha mwaka 1996. Mzee wangu hajakisoma, lakini tarehe zake zilikuwa sahihi.

Mjumbe mmoja wa kamati yetu, niliporudi, alinihoji kwa hoja ya kifiqhi, na hoja yenyewe si ya kupuuzwa. Alisema, ardhi ile haina nyumba wala shamba. Je, si ardhi mfu, ambayo Mtume (SAW) amesema anayeihuisha huwa yake? Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Imam Shafi hashurutishi idhini ya mtawala katika kuhuisha, Abu Hanifa anaishurutisha, lakini wote wawili wanakubaliana kwamba harimu ya kijiji si ardhi mfu. Na harimu ni nini, kama si malisho yake, mahali pa kuokotea kuni na njia ya kuendea maji? Ardhi ya Basotu ilionekana tupu kwa sababu nilifika saa nane mchana. Ningefika saa nne asubuhi ningekuta ng'ombe mia tatu wamesimama ndani ya madrasa yetu.

Mjumbe huyo hakukata tamaa. Akakumbusha kwamba hata uwanja wa Msikiti wa Mtume, Madina, ulikuwa na makaburi ya washirikina yaliyofukuliwa. Ni kweli, riwaya hiyo imo katika vitabu sahihi. Lakini uwanja ule ulipatikana kwa ridhaa ya wenyewe, na katika riwaya mashuhuri ya wale mayatima wawili, walipotaka kuutoa bure Mtume (SAW) alikataa ila kwa kuununua. Hapa kwetu mzee mwenye kaburi yupo hai, ananywesha ng'ombe, na hakuna aliyemwuliza. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu swala katika ardhi ya kunyang'anya: wapo waliosema haisihi, na madhehebu yetu husema inasihi lakini mwenye kuiswali ana dhambi. Nani angependa watoto wajifunze Fatiha mahali ambapo jambo zuri kuliko yote linalosemwa ni kwamba swala inasihi?

Kabla ya Magharibi nilifika ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa dada wa Kiiraqw, mchangamfu, aliyenifungulia kitabu cha mihtasari bila kusitasita. Hapakuwa na ugawaji wa ekari hizo. Katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji eneo lile lilikuwa limewekwa kuwa mapito ya mifugo. Akanifafanulia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi, yale ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya laki nane kutoka.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi kama mdhamini anavyoisimamia mali kwa niaba ya wanufaika wake. Haiwezi kugawa ardhi wala kutoa haki ya kimila bila ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, yaani watu wazima wote waliokusanyika, si mwenyekiti na mhuri wake nyuma ya duka. Mtu mwenye haki yake ya kimila aweza kuihamishia kwa asiye mwanakijiji, lakini halmashauri lazima iidhinishe, na swali la kwanza ni kama huyo mgeni anakusudia kukaa na kufanya kazi pale. Mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Dada yule alilisisitiza hili, nami nikaona haya kidogo, maana nimehudhuria mirathi za Waislamu ambamo binti alinyimwa nusu yake aliyopewa na Qur'ani kwa hoja kwamba "ardhi haitoki nje ya ukoo". Raia wa kigeni hamiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa njia maalumu. Nalisema kwa ajili ya ndugu zetu wa Oman na Uingereza wanaotuma fedha kwa majina ya binamu.

Nilivutiwa na neno mdhamini. Sisi tulijiona watu wa wakfu tunaoshughulika na kijiji, kumbe kijiji nacho ni kama nadhiri wa wakfu, na wanufaika wake ni pamoja na ng'ombe wa yule mzee.

Nililala kwa imamu. Usiku kiboko alinguruma ziwani, na mtoto wake wa mwisho akaniambia nisiogope kwa sababu "huyo anasoma wiridi". Sikupata usingizi kwa sababu nyingine. Nilikuwa nikihesabu laki nane.

Asubuhi sikurudi kwa njia ya Katesh. Nilikwenda Haydom, kisha Dongobesh, nikapitia Mbulu, kwa sababu marehemu katika wasia wake alitaja wilaya zote mbili, na nilitaka kuona hali ya upande wa pili. Haydom ni mji uliokua kuzunguka hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Norway. Hatuna haja ya kujificha: wake zetu wengi wa Hanang na Mbulu wamejifungulia pale, na hakuna aliyeulizwa shahada yake mlangoni. Ukitoka hapo nchi inapanda. Milimani Mbulu hakuna tena tambarare. Kila kishamba kimepakana na kingine, samadi inabebwa kwa kikapu, na Bashay vitunguu saumu vimeanikwa barazani kama shanga. Wairaqw ni wengi na ardhi yao ni finyu, na ndiyo maana kwa vizazi kadhaa vijana wao wameteremka kwenda Hanang na Karatu kutafuta pa kulima. Ng'ombe wa mzee wa Basotu wamebanwa na trekta upande mmoja na jembe la mkono upande mwingine, na mwenye jembe hilo naye ana njaa ya kweli.

Kuna jambo moja la Mbulu lililonipa matumaini ya kisheria. Katika bonde la Yaeda, mwaka 2011, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya pamoja, jina la jamii nzima, juu ya eneo la zaidi ya hekta 20,000. Watu ambao kila mgeni aliwadhania hawana ardhi kwa kuwa hawana mashamba, leo wana karatasi ambayo wazee wa Mulbadaw waliikosa mahakamani. Wabarabaig wa Basotu nao wangeweza kuomba hati ya aina hiyo kwa njia yao ya maji, na mtendaji aliniambia kwamba suala hilo limeanza kuzungumzwa.

Ripoti yangu kwa kamati ilikuwa kurasa nne, na sehemu iliyosomwa kwa makini ilikuwa ile ya arubuni. Niliiandika kama ilivyotokea, na jina langu nililitaja. Mtoto mkubwa wa marehemu aliuliza kama fedha ile inaweza kutumika kumjengea imamu wa Basotu banda la darasa na tangi la maji ya mvua badala ya kununua ardhi. Macho yake yalionyesha kwamba alitaka jibu liwe ndiyo. Nilimjibu kwamba sharti la mtoa wakfu halibadilishwi kwa sababu sisi tumepata wazo zuri zaidi. Marehemu alisema ardhi, basi ni ardhi. Banda na tangi tuchangie sisi, na daftari la mchango huo lilifunguliwa usiku uleule. Lililoniuma ni kwamba dalali amerudisha laki tano tu, na tatu anasema kijana wa mjini amekwisha kuzila. Hizo tatu zinatoka mfukoni mwangu kwa awamu, kwani amana iliyopotea kwa uzembe hulipwa na mzembe, na hapa fiqhi haina hitilafu.

Kuhusu ardhi, mama mmoja mjane wa Basotu, mwenye hati ya kimila kwa jina lake, ana ekari tatu anazotaka kuuza ili asomeshe watoto. Haziko ufukoni. Ziko juu, karibu na barabara, mahali ambapo ziwa huonekana kama ukanda mwembamba na alizeti hukubali. Tumekubaliana bei mbele ya mashahidi wanne, na hatujatoa hata senti. Dalali hayumo. Nimeandika maombi kwa halmashauri ya kijiji, ukurasa mmoja, na penye sehemu ya kueleza makusudio nimeandika kwamba mwalimu ataishi hapo pamoja na familia yake, kwamba nusu ya eneo italimwa kwa mapato ya madrasa, na kwamba upande wa mashariki, ambako ng'ombe hupita wakielekea majini, hatutaweka seng'enge.

Barua imepokewa na kugongwa mhuri. Mkutano mkuu wa kijiji utaketi ngano ikishavunwa.